Maisha ya Mama Euphrasie Feza na Mstari wa Pili wa Karatasi

Padri wetu, wazee, majirani wa Kasongo na ninyi mliotembea kutoka Wamaza: haya mtakayosikia ni maisha ya Mama Euphrasie Feza Kalonda. Aliyaeleza mwenyewe mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa amelala kwa ubavu wa kuume kwa sababu ule wa kushoto haukukubali tena, na mdogo wake Nestor akaandika. Alipomaliza alimwambia Nestor: "Siku ya kunizika, usiwasomee watu kwamba niliugua nikavumilia. Ile wanaandikaka kwa kila mutu. Soma yote." Mume wake, Mwalimu Zakaria, alipewa maandishi haya kabla hayajapelekwa kuchapwa. Aliyasoma mara mbili. Hakuomba neno lolote lifutwe.

Mama Euphrasie alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, Wamaza, katika teritwari ya Kabambare, mtoto wa kwanza wa Déo Kalonda, mkulima wa mpunga, na Mama Veronika Sifa. Nyumba nyingi za Wamaza zilikuwa bado tupu kwa ajili ya vita vya waasi, naye alizaliwa ndani ya kibanda cha shambani, mvua ikinyesha. Baba yake alimwita Feza, yaani fedha. Alisema ndiyo feza pekee ambayo waasi hawakuiiba na askari hawakuichukua.

Mwaka 1973 aliingia shule ya msingi ya misioni. Alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kuimba, na mwalimu wake alimweka dawati la mbele. Mwaka 1978, akiwa darasa la tano, mama yake alianza kujifunika kitambaa kifuani hata wakati wa jua kali. Lilikuwa titi. Lilikuwa limeota kitu kigumu, kisha likapasuka. Euphrasie, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeosha kile kidonda kila asubuhi kwa maji ya moto na chumvi kabla wadogo zake hawajaamka. Neno kansere halikutamkwa katika nyumba ile. Lililotamkwa ni uchawi. Watu wa kijiji walimshika jirani, mjane aliyeitwa Mama Asina, wakasema ndiye aliyemtupia Veronika ugonjwa, wakamfukuza kijijini na fungu lake la nguo. Mama Veronika alikufa hata hivyo, tarehe 9 Mei 1979. Mama Asina hakurudi, na hakuna aliyekwenda kumwomba msamaha. Marehemu alitaka jina la mwanamke yule litajwe leo mbele ya watu wa Wamaza, nalo limetajwa.

Baada ya matanga Euphrasie hakurudi darasani. Kulikuwa na wadogo watatu wa kulisha. Nestor, huyu anayewasomea, alipata diploma ya serikali kwa sababu dada yake aliacha kitabu akashika sufuria. Euphrasie alijua kusoma Kiswahili vizuri. Kifaransa kilibaki yale maneno machache ya darasa la tano.

Mwaka 1982 alishuka Kasongo kujifunza kushona katika foyer ya masista, nyumba yao ya kufundishia wasichana kazi. Alipomaliza, mwaka 1984, alianza kazi kwenye baraza karibu na soko kubwa, na kwa miaka karibu arobaini nusu ya watoto wa shule wa mji huu walivaa uniformu iliyopita chini ya sindano yake. Aliwashonea Wakristo na Waislamu, maharusi na wafiwa. Wanawake walimpenda kwa jambo moja: hakuwahi kutaja kipimo cha mtu kwa sauti. Alikiandika kwa kalamu ya bic kwenye kiganja chake. Siku moja bibi mmoja alikuja akijifanya anauliza bei ya kitambaa, kumbe alitaka kujua kiuno cha mkwe wake kimeongezeka kiasi gani, ajue kama kuna mimba. Mama Euphrasie alitazama kiganja chake, akatumbukiza mkono ndani ya ndoo ya maji, akausugua kwa sabuni. "Bibi," akasema, "sasa hata mimi sijui."

Alifunga ndoa kanisani hapa Kasongo siku ya Jumamosi, tarehe 20 Julai 1985, na Zakaria Kitenge, aliyekuwa mwalimu kijana na baadaye mkurugenzi wa shule. Walipata watoto watano: Elodie, Fabrice, Carine, Déo, na Veronika mdogo aliyefariki kwa surua. Wakati wa vita vya 1998 walikimbilia porini, Zakaria akisukuma baisikeli yenye mashini ya kushona badala ya godoro, kwa kuwa mkewe alikataa kuiacha. Ilikuwa ndoa ya watu waliosikilizana. Kila karatasi ya Kifaransa iliyoingia nyumbani, iwe barua ya shule, ya ofisi ya teritwari au ya dawa, Mwalimu Zakaria aliisoma kwa sauti akiigeuza kwa Kiswahili, na Mama Euphrasie alisikiliza huku mguu wake ukiendesha mashini. Kwa miaka thelathini na nne hakumuuliza hata mara moja kama amesoma yote.

Mwezi wa kumi 2019 alikwenda Bukavu kumsaidia Elodie aliyekuwa amejifungua mtoto wa tatu. Mwezi ule hospitali moja ya kule ilikuwa inawapima wanawake matiti bila malipo. Elodie hakuwa amesahau bibi yake alikufa kwa nini, akamshika mama yake mkono wakaenda. Mama Euphrasie alikuwa na miaka hamsini na mitatu, hana maumivu, hana uvimbe, na alimwambia wazi yule mwanamke wa mashini ya picha: "Mutoto yangu, siumwi. Munatafuta nini kwangu?"

"Mama, saa ya kutafuta njo hii," akajibiwa. "Hii picha inaonaka kitu kidogo mbele mukono haujakigusa. Ukingoja kiumize, kinakuwa kimekomaa."

Titi liliwekwa juu ya kibao, kibao kingine kikashuka na kulibana mpaka likawa bapa, ili miale ipite na picha itoke safi. Aliumia kidogo, muda wa kuhesabu mpaka kumi. Alipenda kusimulia alivyomwambia yule mwanamke: "Hii imenyonyesha watoto watano. Ukikuta ingali na kitu ndani, uchukue, ni yako." Walicheka mpaka picha ikabidi irudiwe.

Majibu yalichelewa. Asubuhi ya safari ya kurudi, mkwe wake Aganze, mume wa Elodie, alipita hospitali kwa pikipiki, akachukua bahasha iliyofungwa, akamkimbilia uwanja wa ndege wa Kavumu na kumpa mkononi. Hakuna aliyeifungua. Alipanda ndege mpaka Kindu, kisha siku mbili juu ya pikipiki mpaka Kasongo, bahasha ikiwa ndani ya nguo yake. Tarehe 11 Desemba, baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Zakaria aliifungua mezani mbele ya watoto. Akasoma mstari wa kwanza. "RAS," akasema. "Hakuna kitu. Mama yenu ni muzima." Akakunja karatasi.

Mama Euphrasie alicheza akizunguka meza. Karatasi iliwekwa ndani ya plastiki pamoja na vyeti vya ubatizo, na tangu siku ile akawa anawaambia wateja: "Mimi nilipigwa picha. Mimi niko safi." Alilisema kama mtu aliyechanjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba picha haichanji.

Mwezi wa tatu 2022, akioga, mkono wake uligusa kitu juu ya titi la kushoto, kigumu kama punje ya mahindi makavu. Alimwita mumewe, akamwekea mkono pale. Mwalimu Zakaria alikwenda kuleta plastiki. "Lakini picha ilisema hakuna kitu," akasema.

Muuguzi wa kituo cha afya alishauri aende hospitali kubwa. Akajibiwa kuna picha ya Bukavu. Kikundi cha sala kilimwekea mikono na kushukuru kwa ajili ya picha ya Bukavu. Nestor mwenyewe, aliyekuwa Lusangi akifundisha watoto wa wachimba dhahabu, alipigiwa simu na dada yake, naye alijibu hivi, na maneno yake yaandikwe: "Yaya, tulia. Si walikupiga picha? Itakuwa ni maziwa ya zamani." Maziwa ya zamani. Mtu mwenye diploma.

Naye alitulia, kwa kuwa alitaka kutulia. Alisema hivyo mwenyewe, hakutaka lawama zote ziende kwa wengine. Alikuwa ameosha kidonda cha mama yake kwa mikono yake. Alijua. Kila alipojua, alishika ile plastiki. Miezi kumi ilipita, punje ikawa jiwe, na ngozi juu yake ikajikunja kama kitambaa kilichoshonwa kwa uzi uliovutwa mno.

Mwezi wa kwanza 2023, Elodie alipiga simu kusalimia mwaka mpya, akasikia katika sauti ya mama yake kitu ambacho hakukipenda. Akauliza mpaka akaambiwa. Akamwambia Fabrice aipige picha ile karatasi kwa simu na kuituma. Saa moja baadaye simu ililia tena. Ilikuwa juu ya meza, sauti imefunguliwa, na wote walikuwapo.

"Papa uko hapo?"

"Niko, mama yangu."

"Ile karatasi iko na mistari ngapi?"

Mwalimu Zakaria aliitoa karatasi ndani ya plastiki.

"Papa, mimi naihesabu hapa. Iko miwili. Wa kwanza unasema hawakuona kitu cha kutia mashaka. Wa pili unasema nini?"

"Elodie..."

"Basi ntausoma mimi. 'Matiti mazito. Afanyiwe ekografi, na arudi kuonwa nyuma ya miezi sita.' Miezi sita, Papa! Tuko mwaka wa ine."

Mashini ya kushona ilikuwa imesimama. Mama Euphrasie alimtazama mumewe, akauliza polepole: "Uliusoma siku ile?"

"Niliusoma," akasema. "Niliona neno hilo, mazito, nikafikiri ni sifa, kwamba titi lina nguvu, la mutu mwenye afya. Na kurudi Bukavu... barabara ya Kindu ilikuwa na watu wa silaha. Nikasema nikimwambia ataogopa bure. Nilingoja barabara itulie. Kisha corona ikafunga ndege. Kisha nikasahau."

"Haukusahau," akasema mkewe. "Uliogopa. Ungeniambia, tungeogopa wawili."

Hakumsemesha kwa siku tatu. Siku ya nne aliomba pikipiki.

Bukavu, mwezi wa pili, walipokelewa na Daktari Amisa, mwanamke wa Maniema kama sisi. Alipiga picha mpya, akaitundika kwenye mwanga pamoja na ile ya 2019. Mwalimu Zakaria alikuwa amekaa nyuma, kofia mikononi. Mama Euphrasie aliuliza swali alilobeba toka Kasongo: "Hii ya kwanza ilinidanganya?"

"Haikudanganya, Mama. Ilisema kile ilichoweza kuona siku ile. Angalia. Titi lenye nyama nyingi linatokaka jeupe kwenye picha. Na uvimbe nao unatokaka mweupe. Sasa tafuta kitu cheupe ndani ya weupe. Ndiyo maana waliandika ekografi, ile ya kutazama kwa mawimbi ya sauti, ile inaona tofauti. Na hata kama ingekuwa safi kabisa, ingekuwa safi ya mwaka ule. Picha haikulindi kesho. Inarudiwa, mwaka mmoja au miwili, kadiri wanavyokuambia."

"Ningerudi nyuma ya miezi sita, mungekikuta?"

Daktari aliitazama tena ile picha ya 2019. "Siwezi kuapa. Labda kilikuwa hakijaanza. Labda kilikuwa kidogo sana, tungekitoa na ungebaki na titi lako. Lakini siku ulipogusa ile punje, Mama, siku ile picha ya zamani ilikuwa haina kazi tena. Mukono wako ulikuwa mbele ya karatasi."

Akamwambia pia kwamba hata picha mpya haitoshi kutoa hukumu. Ni lazima kuchukua kipande kidogo kwa sindano na kukitazama. Walikichukua. Ilikuwa kansere, na ilikuwa imekwisha kuingia kwapani. Tarehe 18 Aprili 2023 titi la kushoto lilikatwa. Alitiwa dawa ya mshipa mara sita, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi. Mwezi wa kumi na moja mgongo ulianza kumuuma, na picha nyingine ilionyesha ugonjwa umefika kwenye mifupa. Aliomba kurudi nyumbani. Alifika Kasongo tarehe 20 Desemba.

Hapa kuna watu wanaosema alikuwa amebadilika, kwamba alikuwa na uchungu. Ni kweli. Alirudi barazani akiwa na fimbo, akapima wanawake, na kila alipozungusha kipimo kifuani aliuliza: "Wewe unajigusaka? Unajijua?" Wengine waliona haya. Mmoja alimwambia hayo si maneno ya sokoni. Alifungua blauzi yake pale pale, akamwonyesha kovu, akasema: "Haya. Na hili ni la sokoni ama la kanisani?" Yule mama hakurudi kuchukua gauni lake. Lingali limetundikwa.

Lakini Mama Safia, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, alijigusa, akakuta uvimbe. Alikuja barazani kumwambia. Mama Euphrasie alimpeleka hospitali mwenyewe, wakiwa juu ya pikipiki moja, mgongo ule ule ukimuuma kila shimo. Walimpima kwa mkono, wakamfanyia ekografi. Ulikuwa mfuko wa maji tu, usio na hatari. Mama Safia alilia kwa furaha, na Mama Euphrasie alimpangusa machozi. Alipofika nyumbani alimwambia Carine: "Nimefurahi kwa ajili yake. Kweli nimefurahi. Lakini kwa nini kwake ni maji?" Kisha akalala na kugeukia ukuta.

Kuanzia mwezi wa pili mwaka huu hakutoka tena. Mwalimu Zakaria alimpikia uji kila siku, akamgeuza, akamwosha. Nestor alimuuliza kama amemsamehe, ili aandike. Alijibu: "Andika kwamba alinipikia uji. Ile ingine ni yangu na yake."

Alifariki siku ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa nne ya asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka hamsini na saba. Carine alikuwa ameshika mkono wake. Maneno yake ya mwisho yaliyosikika yalikuwa kuomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa wazi.

Ameacha mume, Mwalimu Zakaria Kitenge. Ameacha wadogo watatu, mmoja wao Nestor. Ameacha wajukuu tisa. Ameacha watoto wanne: Fabrice, Carine na Déo, hawa mnaowaona wamesimama karibu na sanduku. Na Elodie, mtoto wake wa kwanza.

Tangu jana watu wananong'ona: Elodie yuko wapi, mtoto wa kwanza gani haji kumzika mama yake? Basi sikieni. Daktari Amisa alisema kwamba mwanamke ambaye mama yake na bibi yake wote waliugua titi, asingoje miaka ya wengine. Aanze mapema, na Elodie ana miaka thelathini na minane. Mara mbili alipewa siku ya kupimwa, mara mbili akaiacha ili aje kumuuguza mama yake. Mara ya tatu Mama Euphrasie alimwita kwa simu akamwambia: "Ile tarehe tano ya mwezi wa sita hautaikosa. Hata kama niko ndani ya sanduku. Unasikia? Wengine watanizika, mikono iko. Titi lako hakuna wa kukupelekea."

Jumatatu Elodie alipopewa habari alilia na kusema anatafuta ndege. Ni baba yake aliyechukua simu. Alimsomea taratibu, neno kwa neno, karatasi yake ya randevu ya hospitali aliyokuwa ametuma: siku, saa, chumba, picha, na chini yake ekografi. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akasema: "Bakia, mama yangu. Uende."

Leo ni Jumatano, tarehe tano. Ni saa tano. Wakati huu udongo unapongojea, Elodie yuko Bukavu, amevua blauzi, amesimama mbele ya mashini, na wanamwambia ashike pumzi.

Mungu ampokee Mama Euphrasie Feza, ampe amani aliyoitafuta bila kuipata katika miaka yake miwili ya mwisho. Alale pasipo maumivu.